Pua ya Shamba la Cotovia

Cotovia, 2 Agosti 1987

Leonilde, mke mwenzangu,

Mimi nipo. Magoti yananisema kila nikipanda ngazi, lakini nipo. Wewe sijui, maana tangu Pasaka hujaleta hata mstari mmoja. Au mtu akishakuwa muonja mvinyo huko kwenye maghala ya Gaia anaona haya kumwandikia kikongwe ambaye shule hakuiona hata mlango? Herufi zangu nilifundishwa na babu yako kwa chaki, juu ya vifuniko vya mapipa, na hizo hizo ndizo utakazosoma.

Mjomba wako Abílio amekuja na watu wa hoteli. Wamevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Leonilde, kwenye mawe yetu! Wakapita matuta yote ya mizabibu wakinyoosha vidole: hapa bwawa la kuogelea, hapa baa. Mmoja akasimama kwenye birika la mawe tunamokanyagia zabibu, akasema pangefaa kupandwa maua. Nikamwambia alale mle ndani kwanza, tuone kama panamfaa yeye.

Walipoondoka, Abílio akakaa jikoni kwangu na kofia mkononi. "Mama, mvinyo wa mwaka jana, wanunuzi wa Gaia walirudisha mapipa mawili. Walisema yananuka ukungu. Wa mwaka huu wakirudisha hata pipa moja, natia sahihi kuwauzia watu wa hoteli." Na shamba lina jina lake tangu babu yako afe, kwa hiyo akitia sahihi, imekwisha.

Yale mapipa mawili aliyaharibu dereva wa lori. Aliyaacha juani kule mjini Régua akaenda kula. Nimeshasema, sirudii.

Sasa nisikilize. Nimempa dereva wa treni chupa yako. Ni ya pipa dogo la babu yako. Kama kawaida, siku ya Mtakatifu Martin, Novemba iliyopita, nililiongezea jagi la mvinyo wa mwaka, ili Casimiro wangu asipungukiwe huko aliko. Ifungue, uniandikie inanukiaje. Andika kirefu, kama mlivyokuwa mkicheza na babu yako ghalani, wewe umefumba macho. Nataka tu kucheka.

Bibi yako,
Felismina


Gaia, 9 Agosti 1987

Bibi,

Usinichome. Chupa imefika salama, na dereva wa treni ameniambia ulimtishia kumkata masikio ikivunjika.

Sijaifungua. Nina mafua, pua imeziba kabisa, ningekosea heshima ya Babu. Nikipona nitakuandikia barua ndefu.

Kazi inanikimbiza. Asubuhi tunaonja: vikombe vinapangwa kama askari, unavuta harufu, unasukutua, unatema, unaandika. Bwana Teles, mkuu wetu, ananiita "binti wa milimani" na anasubiri nikosee. Mwanamke kuingia chumba kile bado kunamwasha. Nikikosea mara moja tu, nitajikuta chini kwenye kubandika lebo na wenzangu wanaokohoa vumbi la karatasi.

Bibi, nikuulize, usikasirike. Siku yalipofunguliwa yale mapipa mawili nilikuwepo chumbani. Sikusema ni ya kwetu. Ule haukuwa mvinyo uliopigwa jua. Ulikuwa umewekwa kwenye pipa lenye ukungu. Nani aliyanusa mapipa matupu kabla ya kujazwa?

Mavuno haya sitaweza kuja. Usinisubiri.

Leonilde


Cotovia, 16 Agosti 1987

Leonilde,

Mafua ya Agosti! Mbwa wanalala kwenye maji kwa joto, na wewe una mafua.

Mapipa nimeyanusa mimi. Nani mwingine? Tangu niolewe katika nyumba hii hakuna pipa lililojazwa kabla sijatia pua yangu kwenye tundu lake. Nikisema zuri, linajazwa. Nikisema bovu, linakwenda kuwa kuni. Hata babu yako hakuthubutu kunibishia. Basi usiniulize kama karani wa mahakama.

Habari za hapa ni za kuchekesha. Jumapili nimekwenda Misa na shali langu jeusi, nimekaa mbele, naona watu wananiachia nafasi. Nikajua ni heshima ya uzee. Kumbe paka alikuwa amelikojolea usiku kucha! Custódia, jirani yetu, ndiye aliyeninong'oneza wakati wa kupeana amani: "Felismina, amani iwe nawe, lakini kaa mbali." Nimecheka mpaka Padre akanitazama.

Na Alhamisi supu ya kabichi imeungua chungu kizima nami nimekaa hapo hapo pembeni namenya viazi. Custódia akaingia mbio akidhani nyumba inawaka moto. Mawazo, mwanangu. Watu wa viatu vyeupe wamenijaa kichwani. Wamerudi tena, safari hii na kamba za kupimia.

Fungua chupa.

Felismina


Gaia, 25 Agosti 1987

Bibi yangu,

Nimeifungua. Inanukia ganda la chungwa lililokauka juu ya jiko. Inanukia lozi zilizokaangwa, tini kavu, na kwa mbali tumbaku ya Babu ndani ya mfuko wa koti. Ukiiacha kidogo kwenye glasi inakuja asali, halafu mbao. Ni nzima, Bibi. Ni yeye mwenyewe.

Lakini barua yako imeninyima usingizi. Supu inaungua nawe umekaa pembeni. Shali lina mkojo wa paka nawe hujui. Mama yake Rogério, rafiki yangu mmoja hapa, alianza hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka siku moja akamsahau mwanawe. Naomba usinichukie. Nimemwandikia Mjomba Abílio. Nimemwambia akuangalie kwa karibu, kwamba umeshakuwa mtu wa kusahau, na mapipa mwaka huu yasiachwe juu yako peke yako.

Nimefanya kwa upendo.

Leonilde wako


Cotovia, 2 Septemba 1987

Wewe!

Upendo wako umekuja na daktari.

Abílio alimleta kutoka Régua, kijana ana miwani na mikono laini kama ya askofu. Akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe. "Bibi, leo siku gani?" Nikamwambia ni siku ya kuku wangu kutaga, na wewe unawatisha. "Rais wa nchi ni nani?" Nikamwambia ni mtu ambaye hajawahi kuniuliza mimi ni nani, basi tumelipana. Akaandika, akamwandama Abílio uani wakanong'ona. Na Abílio aliporudi akaniambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Mama, labda mwaka huu upumzike." Yaani nimeshazikwa, bado udongo tu!

Sasa soma hapa polepole. Akili yangu ipo. Naweza kukutajia kila mtu uliyemuuma ulipokuwa unaota meno. Kilichoondoka ni pua.

Iliondoka na ile homa ya Kwaresima ya mwaka jana. Nilipona, ikabaki huko. Sinusi kahawa, sinusi moshi, sinusi mkojo wa paka. Nikasema itarudi. Mavuno yakafika haijarudi. Wote wamesimama ghalani wananitazama, Abílio ana taa mkononi, mapipa yamepangwa. Ningesema nini? Nikainama kwenye kila tundu, nikavuta hewa, nikasema "zuri." Yale mawili niliyasema mazuri mimi. Dereva wa lori hana kosa, na tangu hapo nikimwona njiani natazama mtoni.

Hakuna ajuaye ila wewe. Abílio akijua, atasema shamba halina pua tena, na kalamu iko mfukoni mwake. Yeye mwenyewe kwa sigara zake hawezi kunusa hata soksi zake. Jirani siwezi kumwita, kesho kijiji kizima kitajua. Mavuno yanaanza wiki moja kabla ya siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa mwezi huu. Uje.

Na jambo jingine. Mafua hayakai wiki mbili Agosti. Na huyo "rafiki yangu mmoja hapa" umemwandika kwa mwandiko mwingine. Mama yako alipokuwa na mimba yako alikuwa akinusa mkate wa watu wa ng'ambo ya mto, akakimbilia nje. Una mimba, Leonilde, au mimi siitwi Felismina.

Nimekasirika. Nakupenda. Uje.

Bibi


Gaia, 8 Septemba 1987

Bibi,

Nimesoma barua yako nimejifungia chooni kazini, nikalia, nikacheka pale kwa askofu, nikalia tena. Nisamehe yule daktari.

Ni kweli. Wa mwezi wa tatu. Rogério ni fundi mapipa, karakana yake ipo mtaa wa nyuma. Ni mtu mkimya, ana vidole vinene, anataka tufunge ndoa hata kesho. Mama kule Ufaransa sijamwambia.

Kazini wakijua, Bwana Teles atafurahi mpaka aimbe. Nami nimeharibika, Bibi. Kila kitu kinanuka kupita kiasi. Mvinyo wa miaka arobaini, watu wanaunyenyekea, mimi naukimbia na kitambaa mdomoni. Wiki iliyopita nilikataa mapipa mazuri mara mbili, nikasema yameoza. Hii si pua, ni adhabu. Na ruhusa nimeomba, wamenikatalia.

Nikija nitakuambia mapipa yako yote ni mabovu. Nitakuwa na faida gani?

Leonilde


Cotovia, 12 Septemba 1987

Mke mwenzangu,

Umesoma sana mpaka umepitiliza.

Mimi sitafuti pua ya kusifu. Ya kusifu ninayo, imenirudishia mapipa mawili. Natafuta pua inayokataa. Pipa ambalo wewe, katika hali yako hiyo, utaliinamia bila kukimbia, hilo ni safi kama altare. Mengine tutaona.

Kuhusu Teles, siwezi kukuamulia. Ukija huenda ukabandika lebo. Usipokuja hapa watapanda maua kwenye birika. Nimekuandikia vyote viwili ili usije ukasema nilikuficha.

Yule wa vidole vinene mlete na visu vyake. Kitanda chako nimetandika. Chake nimetandika kwa kuku.

Felismina


Gaia, 6 Oktoba 1987

Bibi,

Nimefika. Teles hakunipigia kelele. Alinipa aproni ya buluu ya chumba cha lebo, akasema, "Pua yako ikirudi ukubwa wa kawaida, tutazungumza." Basi naandika nina gundi mpaka kwenye viwiko.

Bado nawaona watu wote pale ghalani. Wakanyagaji wamekwisha kupanga mstari birikani, wameshikana mabega, wanangoja. Mjomba na taa yake. Nami nainama kwenye tundu la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu nikakimbia hadi ukutani nikatapika. Mjomba akasema, "Huyu mtoto kala nini?" Nikarudi. La nne sawa. La sita nikatapika tena. Na Custódia, mdomo wake ule, akapiga makofi: "Hee! Huyu hakula kitu, huyu kaliwa!" Wakacheka wote mpaka mpiga kodiani akaangusha kofia.

Ningetamani iishie hapo. Lakini nilipita karibu na pipa la Babu, sikuinama hata, likanijia lenyewe. Unyevu wa pango. Ukungu ule ule wa chumba cha Teles.

Bibi, chupa uliyonitumia niliimwaga. Niliifungua nikasikia hivyo hivyo, nikadhani ni mimba. Nikaona aibu kukuandikia kwamba mume wako amenitia kichefuchefu. Chungwa, lozi, tumbaku, vyote niliviandika kutoka kichwani, vya zamani, vya ule mchezo wetu wa kufumba macho. Wewe hukuwa na pua, ukaniomba yangu, nami nikakudanganya.

Ungeweza kuninyamazia mbele za watu, lawama ikanibaki mimi na tumbo langu. Badala yake ukasema kwa sauti ya kanisani, "Msichana hakosei. Jagi la Mtakatifu Martin nilichota kwenye pipa bovu nikamtilia Casimiro. Mimi sinusi kitu. Mwaka mzima na zaidi."

Na Mjomba: "Mama, mwaka mzima ulikuwa unanusa hewa?"

"Nilikuwa nanusa hewa, na wewe ulikuwa unavuta sigara."

Nikadhani sasa anatoa kalamu. Alipoinama kufungua kamba za viatu sikuelewa kabisa.

Niandikie. Silali.

Leonilde


Cotovia, 13 Oktoba 1987

Leonilde,

Lala. Mwenye mimba asiyelala huzaa mtoto mwenye maneno mengi, na mmoja katika ukoo anatosha, ni mimi.

Abílio hakuwa amekanyaga zabibu tangu aende jeshini. Alikanyaga siku zote zile hata ulipoondoka. Miguu yake bado ya zambarau mpaka magotini, jana nimemwona kanisani amevaa suruali fupi makusudi, aonekane. Kalamu hajasema kaitupa. Amesema, "Tungoje Gaia waseme." Huyo ndiye mwanangu, hata kwa upole anasitasita.

Rogério wako alibaki siku mbili, kama ulivyomwachia maagizo. Mapipa yale mawili uliyoyatapikia aliyafungua vifuniko, akakwangua ndani mpaka mbao ikawa nyeupe, akafukiza salfa, akachoma moto. Halafu akaja mlangoni kwangu akasimama. Nikamwambia, "Najua. La Casimiro."

Tulilitoa nje sisi wawili. Mimi ndiye niliyezibua. Ulitiririka kwenye mawe, mwekundu wa kutu, ukaingia katikati ya matuta, nyuki wakaja. Nilikaa pale mpaka ukaisha. Mvinyo ule aliuanza baba yake Casimiro. Vita viliupita, wadudu wa mizabibu na ukame viliupita, nikauua mimi kwa jagi moja kwa sababu sikutaka kusema mbele ya watu kwamba nimezeeka.

Umenidanganya, ndiyo. Lakini barua ile ya chungwa na lozi nimeisoma kila siku, na ndiyo harufu pekee niliyopata mwaka mzima. Barua hiyo sikurudishii, wala sikusamehe, maana hakuna cha kusamehe. Acha kulia kwenye gundi.

Pipa lenyewe fundi wako amelikwangua. Mbao zilikuwa nzima chini ya uovu wote ule. Nimelijaza mvinyo wa mwaka huu. Nimeandika kwa chaki 1987 na nimeacha nafasi ya jina.

Kitanda cha kuku alikilalia bila kunung'unika. Olewa naye.

Felismina


Gaia, 6 Aprili 1988

Bibi,

Mkono bado dhaifu, naandika kifupi. Amezaliwa juzi asubuhi, msichana, mzima, ana sauti ya Custódia. Tumemwita Casimira. Rogério analia kila akimshika, vidole vyote vile haviwezi kufunga kifungo kimoja.

Na jana Bwana Teles alikuja hospitali, yeye mwenyewe, na kofia yake. Nikadhani amekuja kunifukuza. Akasema mvinyo wa Cotovia ulishuka wiki iliyopita, ameonja kila pipa, mara mbili, akitafuta. "Sijapata kitu," akasema, kama mtu aliyeibiwa. Wamechukua yote. Mjomba anaandikiwa leo. Kuhusu kazi yangu hakusema neno, na mimi sikumuuliza.

Mapipa yote, Bibi.

Leonilde


Cotovia, 11 Aprili 1988

Leonilde wangu, mama Casimira,

Jina la kizee kwa mtoto mchanga! Nimeikaripia barua, halafu nimekwenda ghalani nikaliandika kwenye pipa kwa herufi kubwa, mpaka chaki ikaisha.

Barua ya Gaia Abílio ameisomea jikoni kwangu, amesimama. Akaikunja. Jioni watu wa viatu vyeupe wakaja, akatoka kuongea nao langoni, hakuwakaribisha ndani. Sikusikia alichowaambia. Nilimwona tu mmoja wao akikung'uta matope mguuni, kisha gari likaondoka na vumbi lake. Aliporudi akaniambia, "Mama, mavuno haya yajayo nani atanusa mapipa?" Nikamwambia aache sigara, tutaanza kumfundisha. Ameacha tangu jana. Anatafuna mbegu kavu za shamari za kuungia mchuzi na kutukana kila kitu, nyumba haikaliki.

Pua yangu haijarudi. Wakati mwingine, nikikata kitunguu, kuna kitu kama mtu anapita nyuma ya mlango. Nageuka, hayupo.

Mlete mtoto mizabibu ikianza kuchanua. Nitamshika nimnuse utosini, kama nilivyokunusa wewe na mama yako. Najua sitapata kitu. Kwa hiyo utakaa karibu yangu, ufumbe macho kama zamani, uniambie yeye ananukiaje. Na safari hii usiniletee chungwa wala asali za zamani. Akinuka maziwa yaliyochacha, sema maziwa yaliyochacha.

Bibi yenu,
Felismina